Hatua Elfu Ishirini Nikiwa Nimeketi

Kwa siku arobaini na moja nilikuwa mtembeaji bora wa kundi letu, na karibu siku zote hizo nilikuwa nimeketi. Nasema mapema, asije mtu akanisoma hadi mwisho akidhani ananikamata. Nimeshakamatwa. Wanasema siku za mwizi ni arobaini. Mimi nilipewa moja ya nyongeza, na hiyo ndiyo iliyoniumiza magoti.

Mimi ni fundi wa kushona. Chumba changu cha kazi kina dirisha moja linalotazama barabara, meza ya kukatia, kioo kirefu chenye ufa kwenye kona, na cherehani ya kukanyaga kwa miguu. Cherehani za umeme nazijua, asante. Zinakimbia kama zimetumwa na polisi, na umeme ukikatika zinabaki mapambo. Yangu haitaki kitu ila miguu, na miguu ninayo.

Shemeji yangu ni mume wa marehemu dada yangu. Ni kinyozi, kazi ya mtu kusimama kutwa nzima bila kufika popote. Tangu siku aliyokuja kwetu kuposa, yeye na mimi ni kushindana tu. Tulishindana karata, tukashindana drafti, tukashindana kula, tukashindana hata kukaa kimya, na hilo la mwisho halijapata mshindi mpaka leo. Dada ndiye aliyekuwa refa. Alipofariki, miaka miwili iliyopita, mchezo ulikosa refa na shemeji akakosa hamu ya kucheza. Akifunga saluni yake jioni anakwenda moja kwa moja kochini, na kochi lile limeshashika umbo lake hata asipokuwepo unaona alipo.

Kisha ikaja sukari. Daktari alimwambia atembee kila siku na arudi baada ya wiki sita, na kama hali haijabadilika ataanza kudungwa sindano. Vidole vya miguu vilikuwa vimeshaanza kufa ganzi. Shemeji alimsikiliza daktari kwa adabu, akamshukuru, akarudi nyumbani kwa teksi.

Binti yake ni muuguzi katika mji mwingine, safari ya siku nzima kwa basi. Alikuja mwisho wa wiki ile akiwa na bangili tatu nyeusi za mpira, zile za kuhesabu hatua, akatuwekea kwenye simu programu inayoonyesha kila mtu ametembea kiasi gani. Kundi akaliita Miguu Kazi. Baba yake alikuwa amelala kochini mdomo wazi, bangili mkononi, wakati binti aliponivuta jikoni.

"Mama mdogo," akasema, "mimi nimemwambia, daktari amemwambia. Anaitikia tu. Mtu pekee asiyekubali kushindwa naye ni wewe."

"Kwa hiyo unataka nitembee."

"Nataka umshinde. Mengine atayafanya mwenyewe." Kisha akakunja kitambaa cha vyombo mara nne, akakikunjua, akasema polepole kwamba mama yake ameshakwenda, na yeye hajajiandaa kuzika tena.

Nikamwambia asinililie kwenye vyombo safi. Lakini nilisikia, na usiku ule nilimwahidi dada, kimoyomoyo, kwamba mume wake atatembea hata kama ni kwa hasira.

Mtu wa nne kwenye kundi hakualikwa. Ni jirani yangu, mwalimu wa hesabu, tunamwita Desimali kwa sababu hajawahi kutaja namba bila mkia wake. Alisikia kwamba kuna watu wanahesabu kitu, akanunua bangili yake, akaingia.

Tulianza Jumatatu. Nilivaa bangili mkono wa kushoto, na kabla ya saa nne ilikuwa imenichosha. Mkono wa kushoto ni makao ya mto wangu wa pini, umekaa hapo miaka ishirini. Nikivuta hariri chini ya sindano, bangili inakwaruza. Siku hiyo nilikuwa na gauni la bibi harusi, na bibi harusi mwenyewe alikuwa ameketi mbele yangu ananikodolea macho. Nikaivua, nikaifunga kifundo cha mguu wa kulia. Nilijiambia mguu ndio unaotembea, kwa nini mkono uandikiwe sifa?

Jioni simu ikaniambia nimetembea hatua elfu kumi na moja na mia nne.

Sikushangaa hata kidogo, na hili ndilo linaloniaibisha zaidi kuliko yote yaliyofuata. Niliamini. Nilijikumbusha kwamba nilikwenda kununua uzi, tena nikarudi kubadilisha rangi, na chooni mara tatu. Mtu akiambiwa jambo zuri kumhusu haulizi ushahidi. Nilimtumia shemeji picha ya namba zangu na ujumbe wa kumtia moyo, kwamba hatua mia tisa za kwake si mbaya kwa mtu aliyelala, na kwamba kobe naye hufika.

Kesho yake alikuwa na elfu moja na mia mbili.

Siku saba za mwanzo, basi, nilikuwa mjinga, sikuwa mwongo. Jumapili nilifunga chumba, nikaenda sokoni kwa miguu, nikazunguka vibanda vyote kutafuta zipu ya kijani, nikarudi nyayo zinawaka moto. Bangili ikasema elfu mbili na mia tatu. Shemeji siku hiyo alikuwa na elfu mbili na mia moja, nusura anipite. Nikasema kifaa kimeharibika. Jumatatu nikaketi kupinda mapazia ya ofisi moja, mita sitini za pindo, na saa sita mchana simu ikalia kwa furaha na kunipongeza kwa hatua elfu kumi.

Nikaacha kukanyaga. Namba ikasimama. Nikakanyaga mara tano, namba ikapanda tano. Nikakanyaga tena, nikiinama kuutazama mguu wangu kama mguu wa mtu mwingine. Bangili kifundoni, kifundo kwenye kanyagio, kanyagio juu, kanyagio chini. Nilikuwa nimetembea wiki nzima kwenda kwenye ukuta.

Nilicheka peke yangu mpaka mto wa pini ukanichoma. Kisha nikachukua simu niandike ukweli, na kabla sijafika neno la pili ikaingia sauti ya shemeji. Alikuwa anahema kama pampu ya baiskeli.

"Shemeji, jana nilibakiza hatua mia mbili tu nikupite. Mia mbili! Nimetoka sasa hivi kituo cha basi, nimekwenda na kurudi mara mbili, wateja wananingoja nje. Leo kajifunge vizuri." Halafu akacheka.

Hicho kicheko sikuwa nimekisikia tangu mazishini, na nikisema tangu mazishini nasema tangu kabla yake. Nilisikiliza ujumbe ule mara tatu. Kisha nikafuta nilichoandika, nikavuta pazia lililofuata na kuendelea kukanyaga.

Kuanzia hapo mambo yalikwenda kasi, mimi nikiwa nimeketi. Nilipokea kazi ambazo miaka yote nilizikataa. Sare za shule, mashuka ya nyumba ya wageni, foronya mia na ishirini. Jumapili nikawa nafungua. Shemeji akipanda hadi elfu tano, mimi nashona hadi elfu tisa. Akifika elfu nane, mimi nakwenda kumi na tatu, na siku moja alipofika kumi na tano nikakanyaga hadi ishirini. Sikumwacha mbali sana, maana mbali sana mtu hukata tamaa, wala karibu sana, maana angenipita na kurudi kochini na ushindi wake. Nilimwekea nafasi ya kunikaribia, kama unavyomwachia mtoto pindo la kukulia.

Na maneno ya kumtia moyo sikuyabania. Nilikuwa namrekodia sauti huku nakanyaga, ili pumzi ikatike kidogo. Mara moja aliniuliza hiyo ngurumo ya nyuma ni ya nini, nikamwambia ni kiatu changu, kimeachia soli. Alinipa pole na kunielekeza kwa fundi viatu. Nikaenda kwa fundi viatu na kiatu kizima, nikamwomba akishone, akanitazama kama anataka kuniitia ndugu zangu.

Njia ya mwongo ni fupi, mama alikuwa akituambia. Hakutuambia kwamba ni fupi lakini ina jasho.

Upande wa pili, saluni ya shemeji ikawa kichekesho. Shemeji aliacha ndoo ya maji ndani na kila taulo akaenda kuilowesha kwenye bomba la nje, nyuma ya jengo. Alikuwa anamzunguka mteja badala ya kumgeuza kiti, mpaka mzee mmoja akaomba ashikwe asije kuanguka kwa kizunguzungu. Kukiwa hakuna pa kwenda, anapiga hatua palepale alipo, mkasi mkononi, kushoto kulia, kushoto kulia. Kwa mwezi mmoja nusu ya wanaume wa mtaa walitembea na mstari wa nywele wenye mawimbi, na vijana wakadhani ndiyo mtindo mpya, wakaanza kuuomba.

Ndipo siku ya ishirini na tatu akaniletea suruali. Alisimama mlangoni ameishika kiuno kwa mkono mmoja, maana aliyoivaa nayo ilikuwa inateremka. Nilitupa haraka kipande cha kitenge juu ya mguu wangu wa kulia. Nikampima bila kusimama, yeye akanisogelea. Kiuno chake nakijua tangu suti ya harusi, na mara ya mwisho kilikuwa sentimita mia moja na nne. Kikasoma tisini na saba. Nilisoma mara mbili, kwa sababu macho yalikuwa yameingiwa na kitu.

"Nikungoje?" akauliza.

Nilitakiwa nimwambie arudi kesho. Lakini nilitaka aivae palepale, nimwone. Nikafumua mshono wa nyuma, nikaingiza kiuno chini ya sindano, nikakanyaga taratibu, kitenge kikitikisika juu ya mguu, tukiongea habari za bei ya wembe. Na simu yangu, pale mezani kati yetu, ikapiga tarumbeta zake ndogo na kuwaka. Hongera, umefikisha hatua elfu kumi na tano.

Tukaitazama wote wawili.

"Za asubuhi hizo," nikasema. "Huwa inachelewa kujumlisha."

"Simu nyingine ni nzito," akakubali shemeji. Akavaa suruali yake mpya ya zamani, akajigeuza mbele ya kioo, akaenda zake kwa miguu, na mimi nikamshukuru Mungu kwa kunipa shemeji asiyeelewa simu.

Wakati huohuo gauni langu la Jumapili halikufunga zipu. Nililaumu zipu.

Aliyeanza kunisumbua ni Desimali. Siku ya thelathini na tano aliandika kwenye kundi kwamba amejumlisha hatua zangu, akazizidisha kwa urefu wa hatua ya mwanamke wa kimo changu, na kwa hesabu yake nimetembea kilomita mia tatu arobaini na tatu nukta sita. Alisema ni kama kwenda kumsalimu muuguzi kazini kwake, na kubaki na akiba ya kwenda sokoni. Aliomba, kwa faida ya sayansi, nieleze natembea saa ngapi, maana yeye chumba chake kinapakana na changu na anasikia cherehani toka asubuhi hadi jioni.

Nikamjibu kwamba cherehani haimzuii mtu kutembea. Na kweli haikuwa imenizuia.

Muuguzi akaandika kwamba mama mdogo ni mfano wa kuigwa, akaweka makofi kumi na mawili. Kila kofi lilinitua shavuni. Shemeji akasema mwalimu aache wivu. Mwalimu akasema si wivu, ni takwimu, na kwamba iko njia moja tu ya kumaliza ubishi. Jumamosi sote twende kwa miguu hadi tangi la maji, lile lililo juu ya kilima nyuma ya mji, na bingwa atuongoze.

Nilitafuta udhuru kama anayetafuta sindano iliyoanguka. Nilisema nina sare. Shemeji akasema sare zitangoja. Nikasema kiatu. Akanikumbusha kwamba kimeshonwa. Na mimi nilikuwa naogopa kitu kimoja tu, tena si aibu, aibu nimeizoea, nimeshawahi kumshonea mtu suruali yenye miguu miwili ya kushoto. Jumatatu iliyofuata shemeji alitakiwa kurudi kwa daktari. Niliogopa akijua kwamba wiki sita zote alikuwa anashindana na kiti, atatazama viatu vyake, atajiona mpumbavu, na atarudi kochini asitoke tena. Nilikuwa nimemjengea nyumba nzima juu ya kanyagio.

Jumamosi nikavaa viatu. Bangili nikaifunga kifundoni, kwa mazoea.

Nilitoka kwa kasi ya bingwa. Nilipita duka la dawa kwa kasi ya bingwa, nikapita karakana ya magari kwa kasi ya bingwa, na kwenye nguzo ya tatu baada ya karakana bingwa akaisha. Barabara ilikuwa bado haijaanza hata kupanda. Magoti yalikuwa yananiuliza tumekosana lini. Desimali alikuwa mbele, mgongo wima, anataja namba kwa sauti kila baada ya hatua mia, wala hakugeuka. Shemeji, yule wa kochini, alikuwa anatembea pembeni yake bila hata kufungua kifungo cha shati.

Nikaketi kwenye ukingo wa mtaro. Kuketi najua.

Shemeji akarudi. Nilimwona anashuka kuja kwangu, mikono inakwenda na miguu, mtu mwepesi, na nikajua siwezi kumdanganya huyu mtu hata hatua moja zaidi. Akasimama mbele yangu. Nikanyoosha mguu wa kulia, nikapandisha pindo la sketi, nikamwonyesha bangili.

"Shemeji, mimi sitembei," nikamwambia. "Sijawahi kutembea. Ni cherehani. Zote zile ni cherehani."

"Najua," akasema.

"Unajua nini?"

"Tangu suruali." Akaketi kando yangu, akakunja mguu juu ya goti bila kuguna, kitu ambacho mwaka mzima hakuwa amekiweza. "Ulikuwa unanipunguzia kiuno huku umekaa, simu ikakupongeza kwa kutembea. Mimi ni kinyozi, shemeji. Kazi yangu ni kumtazama mtu kwenye kioo. Nilikuona mguu mzima, na kitenge kinarukaruka juu yake kama kuku ndani ya gunia."

Nilihesabu siku kwa vidole. Siku kumi na nane alikuwa anajua. Siku kumi na nane nimejivunja kiuno kwa foronya za watu. Nikataka kumpiga na kiatu kilichoshonwa bure.

"Na ukanyamaza," nikasema.

"Ningesema, ungeacha." Alikuwa anatazama viatu vyake. "Nyumba ile ina kimya, shemeji. Naamka, hakuna wa kuniuliza nimeamkaje. Kisha simu inalia, inaniambia umenipita. Kila asubuhi. Nikawa naona yupo mtu hapa duniani anayetaka niinuke. Sasa kama amekaa au amesimama, mimi inanihusu nini?"

Nililia kidogo, na yeye akalia kidogo, tukashindana kuacha kwanza. Alishinda yeye.

Kule juu Desimali alikuwa amefika tangini. Alipiga simu mara nne kuuliza tuko kwenye hatua ya ngapi. Tulimwambia kiatu kimemuuma bingwa na tunarudi, naye akasema atangoja kidogo amalizie hesabu. Tulirudi nyumbani polepole sana. Karibu na duka la dawa nilimwuliza lile nililokuwa naliogopa, kwamba sasa kwa kuwa hakuna siri tena, je, ataendelea.

"Sijui," akasema. Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu aliyeulizwa njia ya mahali asipopajua.

Jumapili sikutoka kitandani, na kundi likachukulia ni mapumziko ya bingwa, lakini miguu ilikuwa ya mtu mwingine na huyo mtu alikuwa amekufa. Jumatatu, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mlango ukagongwa. Shemeji alikuwa amevaa suruali niliyompunguza, na alikuwa na kadi ya kliniki mfukoni. Akaniomba nimsindikize kwa daktari. Nikauliza teksi iko wapi. Akaniambia nivae bangili mkononi, kama binadamu.

Kwenda na kurudi tulipumzika mara saba, mara sita kwa ajili yangu. Daktari alisoma karatasi, akaisoma tena, akasema sukari imeshuka vizuri, sindano hazitahitajika kwa sasa, na arudi baada ya wiki sita nyingine. Akataka kujua amefanyaje, maana wagonjwa wake wengi hawatembei hata awaogopeshe vipi.

"Nina shemeji mwongo," akasema shemeji. Daktari akaandika kitu kwenye faili, sijui kama aliandika hilo.

Mchana nilirudi kwenye cherehani. Mto wa pini nikauhamishia kifuani, bangili ikabaki mkononi, na nikashona sare kumi na moja bila kupewa hatua hata moja. Jioni simu ikatoa orodha. Desimali elfu saba na mia moja na tisa. Shemeji elfu kumi na mia nne, wa kwanza kwa mara ya kwanza tangu kundi lianzishwe. Mimi, elfu nne na mia moja, zote za miguu yangu mwenyewe, mwisho kabisa baada ya muuguzi, ambaye siku hiyo alikuwa amepumzika nyumbani.

Sijawahi kupokea pole nyingi namna ile hata nilipofanyiwa upasuaji. Muuguzi aliandika kwa herufi kubwa kuuliza naumwa nini, nina homa, nimeanguka, nimekunywa dawa gani, na kama anahitajika apande basi la asubuhi. Desimali alituma mchoro wenye mstari unaoporomoka kama jabali, akasema kitakwimu hali yangu ni ya kulazwa. Kisha akagonga ukutani kuona kama nitagonga.

Nilikuwa natafuta pa kuanzia kujieleza wakati shemeji alipotuma sauti kundini. Ilikuwa fupi.

"Msimpe pole. Hajaugua. Leo ndiyo ametembea."

Nikasikia kupitia ukutani kiti cha Desimali kikisogea, na baada ya dakika kadhaa kicheko chake, nukta moja, nukta mbili, kisha kizima. Muuguzi akaandika alama ya kuuliza. Dakika chache baadaye akaandika kwamba anaomba kuelezwa kila kitu. Halafu, kabla sijamweleza chochote, akaweka kofi moja, moja tu, na hilo halikuniuma.

Nilikuwa nafunga dirisha ulipoingia ujumbe mwingine wa shemeji, huu wa kwangu peke yangu, wa maandishi. Alisema amefika nyumbani, ameketi, na simu inamwambia yeye ni wa kwanza. Alisema ametazama mbele kwenye orodha na hakuna mtu. Akauliza, sasa nimfukuze nani?

Nikasimama na simu mkononi. Chumbani mlikuwa na kazi ya kesho imerundikana, na kule kwake lilikuwepo kochi lenye umbo lake. Jua lilikuwa halijazama.

Nikamwandikia atazame nyuma.

Kisha nikafunga kamba za viatu na kutoka. Kutoka kwangu hadi kwake si mbali, lakini kuna mwinuko, na nilisimama mara mbili kushika ukuta wa watu. Nilipofika nilikuwa na hatua elfu nne na mia nane. Shemeji alikuwa amesimama mlangoni, na alikuwa hajavua viatu.